Kuachia Mteremko wa Subuiga

Ijumaa, 3 Juni 1988

Bwana Pita ameondoka leo asubuhi. Mradi wa visima umekwisha na kwao wanamngoja. Amepanda gari la mradi na begi moja tu, vitu vingine vyote amegawa. Wengine wamepata sufuria na vyandarua. Mimi, kwa kuwa nimemtengenezea baiskeli miaka miwili, nimepata baiskeli yenyewe na daftari hili.

"Warfa," ameniambia, "kila siku andika upepo ulivyokuwa, hewa uliyotia kwenye tairi, na baiskeli ilivyoshuka mlima. Usipoandika utasahau." Nimemwambia mimi sisahau kitu. Niliendesha lori la Moyale miaka kumi na saba mpaka mguu ukavunjika, na kila shimo la barabara ile bado nalijua. Amecheka, akaniwekea daftari mkononi.

Basi naandika. Upepo ni mwingi, unatoka upande wa mlima.

Baiskeli hii imetoka Amerika. Ni ya mchezo wao mmoja wa ajabu: mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka anakimbia, yote kwa siku moja na hakuna anayemfukuza. Usukani umepinda kama pembe za ng'ombe, na katikati kuna mito miwili midogo ya sponji ya kulaza viwiko. Tairi ni nyembamba kama kidole gumba na zimegandishwa kwenye rimu kwa gundi. Magurudumu ya nyuma ni mawili ya kubadilishana. Moja lina spoku, la mazoezi. La pili halina spoku hata moja, ni zima kama sahani. Hilo la sahani ndilo nalipenda mimi. Ukilizungusha linanguruma.

Kitu cha kwanza nimebadilisha nyaya za breki. Waamerika wanaweka breki ya mbele mkono wa kushoto, na hapa kila mtu amezoea baiskeli nzito ya Mamba, breki yake ya mbele iko kulia. Mtu akikosea mkono kwenye mteremko hapati nafasi ya kufikiri tena.

Jumamosi, 4 Juni

Upepo. Vumbi hadi ndani ya chai.

Jumatatu, 6 Juni

Kanchoro amekuja tena kununua mipira ya breki. Huyu ni Mborana wa Korbesa, ana miaka ishirini na sita. Ng'ombe wao waliisha kwenye ukame wa mwaka themanini na nne, akaja mjini akaanza kubeba viazi. Kila asubuhi anapanda mlima wa Subuiga na Mamba tupu, anashuka na magunia mawili. Wenzake wanabadilisha mipira kila baada ya mwezi na nusu. Yeye ni kila wiki mbili. Naikata mwenyewe kutoka tairi kuukuu la lori, mpira mgumu kabisa, na bado anaumaliza kama mbuzi aliyeona karatasi.

"Wewe unashuka mlima au unausugua?" nimemuuliza.

"Nashuka, Fundi. Pole pole."

Nimempa jina: Breki. Gikunda, yule Mmeru anayebeba kabichi, alikuwa ameketi hapo akingoja tyubu yake izibwe, amecheka mpaka akashika mbavu. Kufikia alasiri soko zima lilikuwa linamwita Breki. Nina kipaji cha majina.

Alhamisi, 9 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya D.O. Jumamosi tarehe 24 Septemba kutakuwa na mashindano ya baiskeli, kutoka hapa Isiolo hadi Subuiga na kurudi. Kampuni moja ya Nairobi inatafuta watu wa timu yake. Watakaoshika nafasi tatu za kwanza wataandikwa kazi, na baiskeli ya aina yoyote inaruhusiwa.

Nimelitazama lile tangazo nikaona gurudumu langu la sahani likipita mbele ya watu wote.

Ijumaa, 10 Juni

Baada ya swala nimewapandisha watu wanne juu ya baiskeli mmoja mmoja. Wawili miguu haifiki. Gikunda ni mrefu, magoti yanagonga usukani, na tena mjomba wake Kaimenyi amemtafutia baiskeli ya mashindano huko Meru. Aliyetoshea ni mmoja tu, utadhani ilipimwa kwa mwili wake. Breki.

Sikufurahi. Nimemwambia mke wangu Khadijo, naye akasema, "Baba Sirad, wewe ulitaka mtu au ulitaka mguu?" Sijui alimaanisha nini.

Jumapili, 12 Juni

Hewa: nimetia mpaka tairi ikawa ngumu kama jiwe. Upepo: wa wastani.

Nimepanda lori la mboga na saa yangu mkononi kumpima. Kupanda ametumia saa moja na dakika ishirini na mbili. Nimeitazama saa mara mbili. Hakuna mtu wa mji huu anayepanda hivyo, na mdomo ameufunga njia nzima.

Kushuka, dakika hamsini. Mzee mwenye punda angemsalimia na kumpita. Gikunda akiwa na kabichi anashuka kwa dakika thelathini na tano.

Nimemuuliza kazi ya Nairobi anaitaka kwa nini, kama kuna kitu cha kumsukuma.

"Nikipata kazi nanunua mitamba tatu. Mama yangu anaanza boma tena. Sasa anakaa kwa watu."

"Basi utaachia mteremko," nikamwambia. Hapa kwetu kuachia ni kuiacha baiskeli ikimbie bila kugusa breki.

"Nitajaribu, Fundi."

Jumatano, 22 Juni

Upepo mkali. Leo nimemweleza kitu cha fundi hasa. Kwenye Mamba unaweza kubana breki kutoka Subuiga hadi Isiolo, kitakachoisha ni mpira tu. Lakini hii tairi imeshikwa na gundi. Ukibana breki njia nzima rimu inapata moto, gundi inalainika, na tairi linaweza kuhama mahali pake ukiwa kwenye kona. Kwa hiyo woga wake ndio hatari yenyewe. Nimempa rimu aishike. Ilikuwa na moto wa sufuria.

Amesema, "Sasa nafunga kidogo, naacha kidogo?"

Nimesema aache kabisa.

Jumapili, 26 Juni

Dakika arobaini na nne.

Jumapili, 3 Julai

Amechelewa mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Akatokea akitembea, baiskeli mkononi.

"Fundi, hii kitu inatetemeka. Nikiachia, hapo chini ya mashamba ya ngano, usukani inaanza. Kwanza kidogo. Halafu sana, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka macho yangu haioni barabara. Nikasimama."

Nimeigeuza juu chini. Gurudumu limenyooka, boli zimekazwa, uma haujapinda. Chuma hakina kosa lolote. Nimemwambia kosa liko kwa aliyeketi juu yake.

Na si matusi, ni kweli. Bwana Pita alinieleza. Kule juu asubuhi ni baridi ya kuumiza meno, na mtu wa Isiolo akifika kule na jasho anatetemeka. Baiskeli ni nyepesi. Mtetemo wa mikono unaingia kwenye usukani, usukani unaurudisha mikononi, na kadiri unavyoukamata kwa nguvu ndivyo unavyoulisha. Mamba yenye magunia mawili haina tabia hiyo, uzito unaituliza. Dawa ni kulegeza mikono, kubana bomba la juu kwa magoti, na kurudisha makalio nyuma. Naijua vizuri hii habari.

Nimempa magazeti ya zamani ayaweke kifuani chini ya shati, kama wafanyavyo wabeba mizigo. Hayo angalau anayajua.

Alhamisi, 7 Julai

Upepo umeng'oa bati la jirani. Gurudumu la sahani nimelisugua kwa mafuta. Linang'aa.

Jumamosi, 16 Julai

Nimefunga sahani. Kesho anashuka nayo mara ya kwanza. Gikunda na wenzake watatu wamesema watakuja kutazama kwenye kona ya tatu, nami nitakuwa hapo na saa.

Breki amenishika mkono wakati nafunga duka. "Fundi, ikianza kutetemeka nifanye nini?"

Nilikuwa na kufuli mkononi, na Khadijo alikuwa ananiita chakula kinapoa. Nikasema, "Ikianza, wewe achia tu."

Jumapili, 17 Julai

Ameanguka.

Naandika yote kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyoambiwa niandike.

Upepo ulikuwa wa pembeni, unakuja kwa mafungu, unakatika, unakuja tena. Tulisimama kwenye kona ya tatu watu watano. Gikunda alikuwa na masihara yake, anasema tungekuja na chakula cha mchana na blanketi, maana Breki atafika magharibi. Nami nikatia yangu. Tulicheka sana. Halafu tukamwona juu, mdogo, anakua haraka kuliko siku zote, na ule mngurumo wa sahani ukatufikia kabla yake. Nikasikia raha mwilini. Nasema ukweli, nilisikia raha.

Fungu la upepo likampiga ubavuni, sahani ikalishika kama tanga la turubai. Akapepesuka, akarudi. Hapo usukani ukaanza. Tuliuona kwa macho, gurudumu la mbele likicheza mpaka likawa kama mawili. Alikuwa amekaza mikono yote, viwiko vimenyooka kama vijiti, vidole viwili juu ya kila breki.

Nikapiga kelele, "Achia! Breki, achia!" Na wenzangu wakaitikia, "Achia, Breki, achia!"

Alitutazama. Kisha nikaona vidole vyake vinatoka kwenye breki. Vidole tu. Mikono ilibaki vile vile, migumu. Baiskeli ikaruka mbele kama iliyokatwa kamba, ikatikisika mara tatu nne, ikaacha lami, akaenda kwenye mtaro na mawe yake.

Mtulinga umevunjika, upande wa kulia. Ngozi ya paja yote imetoka. Uso ni mzima, alhamdulillahi. Tumemleta hospitali kwenye lori la mboga, kichwa chake kwenye mapaja ya Gikunda, na Gikunda alikuwa analia bila kujificha.

Mimi sikulia. Nilikuwa nasema, nakumbuka maneno yangu mwenyewe na nayaandika: "Nilimwambia. Nilimwambia, hakusikia. Ameshikwa na woga."

Jumatatu, 18 Julai

Nimekwenda hospitali na maziwa. Amefungwa bega, anaonekana mdogo. Kitanda cha kushoto kuna mtu, cha kulia kuna mtu, wote wanasikiliza kwa sababu hawana kazi nyingine.

Nimemwambia, "Kwa nini hukufanya nilivyokwambia?"

"Nilifanya, Fundi. Uliniambia achia, nikaachia."

"Uliachia nini?"

Amenitazama muda. "Breki," akasema.

Hapo nikaelewa. Mikono. Mimi nilikuwa nasema mikono. Mwezi mzima nimemfundisha kwamba kuachia ni breki, jioni moja nikalitumia neno lile lile kwa mikono, na sikuongeza hata neno moja la kulifafanua, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Sikumwambia. Nimesema "pole", nimetoka.

Jumatano, 20 Julai

Dukani kila mtu ana habari yake. Kwamba Breki alifumba macho. Kwamba alilia akimwita mama yake. Nimeziba tyubu kumi na moja leo na sikufungua mdomo.

Jumapili, 24 Julai

Iddi. Tumechinja. Khadijo amepeleka sahani ya nyama hospitali bila kuniuliza.

Alhamisi, 28 Julai

Mama yake amefika kutoka Korbesa, siku mbili juu ya lori la mbuzi. Anaitwa Tiya. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, na Kiswahili chake ni maneno machache anayoyaweka moja moja. Amekuja moja kwa moja dukani kwangu, watu wakiwa wamejaa, akasimama mbele yangu na kibuyu cha samli.

"Nagaa," amesema. Nikamjibu salamu yake, nagaa.

"Wewe, Fundi?"

"Mimi."

"Kijana yangu nasema, Fundi anafundisha mimi. Kila Jumapili. Fundi kama baba." Akaniwekea kibuyu mikononi, akanishika mikono yote miwili pamoja na kibuyu. "Mungu akupe."

Samli ile iko hapa mezani. Siwezi kuila na siwezi kuitupa.

Ijumaa, 29 Julai

Nimesema. Baada ya swala wabeba mizigo walikuwa wamekusanyika dukani kama kawaida, Gikunda akiwemo, nikasimama nikawaambia lile kosa ni langu. Nikaeleza neno. Achia ya breki na achia ya mikono. Nikasema Kanchoro alifanya alichoambiwa, na asitokee mtu wa kusema alifumba macho.

Mmoja akasema, "Kumbe ni Kiswahili kilichomwangusha," wakacheka, nami nikacheka nao. Nilijiona mwepesi. Nimekwenda hospitali nikamwambia yeye na mama yake vile vile. Mama hakuelewa. Yeye aliinama, akasema, "Ni sawa, Fundi. Yamepita."

Nimemsimulia Khadijo yote. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya," akasema. Tumeoana miaka ishirini na sita, na haya ya namna hiyo sijaipenda hata siku moja.

Jumapili, 14 Agosti

Uma wa mbele nimeunyoosha. Rimu ya mbele nimeifunga spoku mpya tisa. Sahani haikupata hata mkwaruzo, na mimi nimeona aibu kwamba ndicho kitu cha kwanza nilichokagua.

Alhamisi, 18 Agosti

Kitambaa cha bega kimetoka. Ananyanyua mkono mpaka sikioni. Mama amerudi Korbesa.

Jumapili, 28 Agosti

Tumerudi mlimani. Mimi sikutaka, yeye ndiye aliyekuja kunigongea.

Kabla hajapanda tumekubaliana juu ya maneno, maana sitaki tena neno lenye mifuko miwili. Achia tumeifuta kabisa. Breki tutasema "funga" na "fungua". Magoti tutasema "magoti". Kwa mikono tumekosa neno kwa muda, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Nyanya." Anabeba nyanya msimu mwingine, na nyanya ukiishika kwa nguvu unafika sokoni na maji. Basi ni nyanya.

Nimekaa kwenye kona ya tatu peke yangu. Akaja taratibu, usukani ukaanza kidogo, nikapiga kelele, "Nyanya! Magoti!" Punda wa watu aliyekuwa pale akageuka kunitazama. Viwiko vikakunjika, magoti yakabana, na mtetemo ukaisha wenyewe. Nimefuta macho nikasema ni vumbi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi, 10 Septemba

Leo nimeona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu tangu Juni.

Gikunda na Breki wameshuka pamoja. Nilikaa juu ya jiwe ninapoona kona mbili kwa mara moja. Gikunda anaachia yote, anaingia kwenye kona kwa kasi ya kutisha, katikati ya kona anashtuka, anabana, baiskeli inajikunja, na anatoka kwenye kona amekwisha mwendo. Breki anabana mapema, wakati barabara bado imenyooka, kwa nguvu na kwa muda mfupi. Kisha anafungua na kupita kona nzima bila kugusa, anatoka upande wa pili ana mwendo wote. Rimu nimezigusa. Za Gikunda moto, za Breki vuguvugu. Kufunga kidogo na kuacha kidogo. Ndivyo alivyoniambia mwezi wa sita, nikamwambia aache kabisa.

Gikunda amemtangulia kwa dakika mbili tu. Nimemuuliza ni nani aliyemfundisha kubana kabla ya kona. Amesema hakuna. Amesema ukiwa na viazi kilo mia na themanini nyuma, kona yenyewe inakufundisha.

Mimi nilikuwa nauza mipira na kumcheka. Kumbe katika hao wote ndiye aliyekuwa akifikiri.

Jumapili, 18 Septemba

Upepo mbaya sana. Breki ameniomba nitoe sahani, nifunge gurudumu la spoku.

Nimemweleza kwamba sahani inampa dakika nzima kwenye tambarare. Amesema, "Kweli. Na kwa upepo inanipa mtaro." Nimenuna mpaka alasiri. Halafu nimeifungua, nimeizungusha mara moja kuisikia, nimeitundika ukutani.

Ijumaa, 23 Septemba

Siwezi kula. Khadijo ananiuliza kesho anayeshindana ni Breki au ni mimi.

Jumamosi, 24 Septemba

Watu ishirini na wanane wameondoka saa moja asubuhi. Safari hii sikwenda kwenye kona. Nilijua nikiwa pale nitapiga kelele, na sikujiamini nitapiga kelele gani. Nimekaa mwisho wa mbio, karibu na msikiti, kofia mkononi kwa sababu ya upepo.

Habari ilishuka na pikipiki ya polisi: kule juu Breki amegeuka wa kwanza, amemwacha wa pili kwa dakika mbili na nusu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikahesabu. Dakika mbili na nusu kwenye mteremko si kitu.

Wa kwanza kutokea alikuwa askari mmoja kutoka Nanyuki. Sekunde chache nyuma yake Gikunda, amelala juu ya usukani, shati limejaa upepo. Halafu barabara ikawa tupu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilianza kumwona kwenye mtaro, bega lile lile, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Tiya, na sikuyapata kwa lugha yoyote ninayoijua.

Akatokea. Nyuma yake watu wawili wamemkaribia, wanapiga pedali kama wendawazimu, naye yuko kimya, mdomo umefungwa. Amepita msikiti akiwatangulia kwa urefu wa baiskeli nne. Wa tatu.

Nilimshika kabla hajashuka. Alikuwa baridi kama chuma, gazeti limelowa kifuani. Amesema, "Ilianza mara mbili, Fundi. Nikasema nyanya mwenyewe."

Mzee wa kampuni amekuja na karatasi zake. Akaniuliza, "Huyu anafunga breki kabla ya kona kama watu wa Ulaya. Wewe ndiye ulimfundisha?"

Nimesema, "Alikuja hivyo."

Jumapili, 25 Septemba

Nimelala mpaka saa nne. Samli tumeipika leo, na chapati.

Jumamosi, 1 Oktoba

Hakuna upepo. Wingu limekaa upande wa Garbatulla, labda mvua itawahi.

Basi la Nairobi linaondoka saa tatu. Nimemsindikiza mimi. Gikunda alikuwa ndani tayari, anagombania dirisha. Baiskeli ya Bwana Pita tumeifunga juu kwa kamba na magunia, na sahani nimempa pia, atapata barabara isiyo na upepo wa kuitumia.

Alisimama mlangoni, akashuka tena.

"Fundi, nataka kusema kitu. Usikasirike."

"Sema."

"Ile siku nilianguka. Nilijua ni mikono."

Sikuelewa. Nikamuuliza anasema nini.

"Ulisema achia. Mimi nilijua ni mikono. Gikunda aliniambia usiku ule kabla, ikitetemeka legeza mikono. Sikusikia vibaya."

"Sasa kwa nini ukafungua breki?"

Akatazama chini. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi.

"Mlikuwa mmesimama pale nyote. Mnaita Breki, Breki, mnacheka. Wewe pia. Nikasema leo wataona mimi si breki. Nikatoa vidole." Akanipa mkono. "Wewe ulisimama mbele ya watu ukasema ni neno. Mimi nikanyamaza, kwa sababu niliona umefurahi. Lakini sasa naenda, sitaki kwenda nayo."

Amenishukuru, na shukrani yake haikuwa na kejeli ndani. Amepanda. Basi limeondoka.

Nimerudi dukani nikafungua, sikufanya kazi. Miezi miwili nimekuwa nikilisimulia lile neno achia kwa kila mtu anayekaa kwenye benchi langu, kama hadithi ya kuchekesha ambayo mimi ndiye shujaa wake, mzee aliyekiri kosa. Na kosa lenyewe lilikuwa limekaa kwenye benchi lile lile siku nyingi kabla, tarehe sita Juni, nilipompa jina la Breki, nimeliandika humu kwa mkono wangu na nikajisifu. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Adhuhuri amekuja mama mmoja anayenunua viazi pale sokoni. "Fundi, salaam aleikum. Ni kweli Breki ameenda Nairobi? Sasa viazi yangu nitaletewa na nani?"

Nimemjibu salamu. Nimemwambia, "Haitwi Breki. Anaitwa Kanchoro."

"Ah, sikujua. Kanchoro nani?"

Nikafungua mdomo kujibu. Mimi nilihesabishwa babu zangu kumi na wawili kwa majina kabla ya kujua kusoma, na mtoto wa kwetu akikosea mmoja alikuwa anachapwa. Jumapili zote zile nimekaa na mtu huyu, nimempima kupanda na kushuka mpaka sekunde, na jina la baba yake sikuwahi kumuuliza.